Kabla hujapanda Kili, andaa mapaja ya kushukia

Kila ikikaribia tarehe 9 Disemba, siku ya Uhuru watu wanapopanda Kilimanjaro, hapa Moshi maswali yanakuwa yale yale, jaketi linakodishwa shilingi ngapi, slipingi begi gani haipitishi baridi, dawa ya mlima nianze kumeza lini, kifua changu kitahimili au la. Ni maswali ya maana, sikatai, ila karibu yote ni ya kupanda. Ya kushuka hakuna anayeuliza, sasa nenda kakae geti la Mweka mchana mmoja tu uangalie watu wanavyotoka msituni, huyu anashuka kinyumenyume, yule anashuka ubavu ubavu, mwingine kashikwa na wagumu wawili, yaani wapagazi wa mlima, kila mmoja na kwapa lake. Kifua hakina shida, wanapiga stori na kucheka, kilichogoma ni mapaja na magoti.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Ukishukia Mweka, ambako ndo wanakotokea karibu wote waliopandia njia za Machame, Lemosho na Umbwe, siku ile ile ya samiti, yaani ya kufika kileleni, unateremka mpaka kambi ya Mweka yenye mita 3,100 hivi, yaani zaidi ya mita 2,700 kwenda chini kwa siku moja, na hiyo ni baada ya usiku mzima wa kupanda bila usingizi, afu kesho yake unamalizia mita kama 1,400 za msitu na ngazi za matope hadi getini. Njia ya Marangu ni afadhali kidogo kwa sababu unalala kambi ya Horombo mita 3,720, lakini nako unakuwa umeshuka mita 2,100 na ushee. Watu wa Arusha wanaosema Meru ni mlima wa mazoezi, na wao wakitoka kileleni 4,566 mpaka kambi ya Miriakamba 2,514 wamekula mita 2,000 za mteremko. Kwahiyo popote utakapopanda hili deni lipo.

Sasa ili uelewe unaandaa nini, lazima ujue paja lina nini ndani. Mbele kuna misuli minne inayofanya kazi kama timu, kitaalamu inaitwa kwadrisepsi. Mitatu inaanzia kwenye fupa la paja lenyewe, mmoja nje, mmoja ndani, mmoja umejificha katikati chini ya wenzake, na ule wa nne unaopita juu katikati unaanzia mbali zaidi, kwenye mfupa wa nyonga, ndo maana huo unanyoosha goti na pia unainua paja unapopiga hatua. Yote minne inaungana chini kuwa kano moja nene, hiyo kano inakibeba kile kifupa cha mbele ya goti, kilegesambwa, inapita na kwenda kujishika kwenye kinundu cha mfupa wa muundi. Pitisha kidole chini ya goti utakikuta hicho kinundu. Kilegesambwa sio pambo, kazi yake ni kuisogeza hiyo kano mbele ili msuli upate nguvu zaidi ya kuvuta, na kwa nyuma kimepakwa gegedu, yaani mfupa laini, nene sana ili kiteleze bila kusaga.

Ukipanda, hii misuli inajikunja na kukuinua. Ukishuka inafanya kitu kigumu zaidi, inakaza huku inavutwa kuwa ndefu, yaani inakuzuia usianguke, ni breki ya lori lililojaa mzigo kwenye mteremko, na kila hatua ni breki nyingine. Mkazo wa aina hii ndio unaochana nyuzinyuzi ndogo za msuli, na maumivu yake hayaji hapo hapo, yanakuja kesho na keshokutwa, kilele chake ni kati ya saa 24 na 72. Na goti nalo linabeba, kwenye kushuka ngazi tu nguvu inayopita kwenye goti inazidi mara 3 ya uzito wa mwili, kwahiyo mtu wa kilo 70 kila hatua goti linaona zaidi ya kilo 200, na hapo hujaweka begi mgongoni. Paja likichoka halizuii tena vizuri, mshindo wote unamwagwa kwenye goti. Ndo maana mi nasema goti mara nyingi ni shahidi tu, mkosaji ni paja.

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu, ile ambayo mchezaji akiishika ghafla uwanjani unajua mechi yake imeisha. Inaanzia kwenye mfupa unaoukalia, inapita nyuma ya goti, miwili inaenda ndani na mmoja nje. Kazi yake ni kukunja goti na kuvuta paja nyuma, lakini kwenye mteremko inasaidia pia kuuzuia muundi usichomoke mbele. Upande wa ndani kuna ile ya kubana mapaja, inakusaidia ukikanyaga jiwe likateleza pembeni. Na kuna mmoja mwembamba unaokatiza paja kwa mshazari toka nyonga mpaka ndani ya goti, satoriasi, ndo msuli mrefu kuliko wote mwilini, huo hauna mambo mengi, tuuache.

Goti lenyewe. Watu wengi wanadhani ni mifupa yote ya mguu inakutana pale, hapana, ni fupa la paja, muundi na kilegesambwa basi, ule mfupa mwembamba wa pembeni haubebi chochote kwenye goti. Ncha ya chini ya fupa la paja ni ya mviringo na juu ya muundi ni karibu bapa, havikai sawa, ndo hapo katikati kukawekwa visahani viwili vya gegedu, meniskasi, vya kujaza pengo na kusambaza uzito. Kuvishikilia vyote kuna ligamenti nne, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, mbili zimepishana katikati, ya mbele inazuia muundi usiteleze mbele na ya nyuma inauzuia usirudi nyuma, na nyingine mbili ziko pembeni, ndani na nje. Ile ya ndani imeshikana na sahani ya ndani, kwahiyo mara nyingi zikiumia zinaumia pamoja. Na hili lishike sana, gegedu la goti halina mishipa ya damu, linalishwa na ute kwa kubanwa na kuachiwa, na zile sahani zina damu kwenye ukingo wa nje tu, ikichanika sehemu ya ndani hakuna kusubiri ipone yenyewe.

Kwahiyo la kwanza kabla hujalipia hata mia ya mlima, lijue goti lako. Kama uliwahi kuteguka kwenye mpira wa mtaani au boda ilikulalia, usijidanganye kwamba lilishapoa. Simama kwenye ngazi moja, shuka taratibu kwa mguu mmoja mbele ya kioo, afu uangalie. Goti likiingia ndani au likitetemeka, hapo kuna udhaifu wa mapaja na wa misuli ya kalio la pembeni, hilo linarekebishika kwa mazoezi. Lakini kama goti linavimba baada ya kutembea, linagoma katikati halinyooki wala halikunjiki, au linakuachia ghafla unataka kudondoka, usitafute mafuta ya kuchua, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Moshi hatuna kisingizio, hospitali ya KCMC iko pale na mji mzima unajua kwa kwenda. Maumivu tu ya mbele kuzunguka kilegesambwa wakati wa kushuka ngazi au ukikaa sana ni ya kawaida zaidi na mara nyingi yanaisha paja la mbele likipata nguvu, ila yaanze kushughulikiwa mapema, sio wiki ya safari.

La pili ni mazoezi, na hapa ndo watu wanakosea kwa nia njema. Mtu anatembea kwa miguu kupandisha Kibosho au Uru, anafika juu jasho linamtoka, anajisifu, afu anarudi mjini na daladala! Geuza. Panda daladala kwenda juu, shuka kwa miguu. Msuli unaozoeshwa mteremko kidogo kidogo unajijenga, na hata mara moja tu ya mteremko mzuri inakupa kinga fulani ya wiki kadhaa, mara ya pili hauumii kama mara ya kwanza, hilo linajulikana vizuri kwenye sayansi ya mazoezi. Anza wiki 8 kabla kama unaweza, mteremko mfupi mara moja au mbili kwa wiki, uongeze urefu, baadae uongeze begi lenye chupa za maji. Arusha mna vilima vya Sakina kwenda juu na barabara za Ilboru, hamjakosa pa kushukia. Siku 5 hadi 7 za mwisho acha mteremko mzito, mapaja yapone, usije ukafika getini siku ya kwanza tayari unachechemea.

Jimu sio lazima. Skwati za nyumbani, kushuka taratibu toka kwenye ngazi kwa mguu mmoja ukihesabu mpaka tatu, na kulala chali ukiinua kiuno kwa ajili ya nyuma ya paja, hayo matatu ukiyafanya kwa uaminifu yanatosha. Na kuna watu hata hayo hawayahitaji. Mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani toka Old Moshi kila siku ya soko, mapaja yake yameshamaliza huo mtihani zamani, mwacheni.

Fimbo kodi mbili, sio moja ya kupigia picha. Zinachukua sehemu ya uzito kutoka kwenye magoti kila hatua, ila ujue kuzirefusha kidogo wakati wa kushuka na kuzitanguliza mbele ya mguu. Viatu vya mtumba ni vizuri tu na bei yake inaeleweka, lakini vijaribu kwenye mteremko, kidole gumba kikigonga mbele hapo dukani, kule utapoteza kucha. Kata kucha siku mbili tatu kabla, kaza kamba za juu ya kifundo wakati wa kushuka. Ile soksi ya goti ya kubana inakupa ujasiri na joto, haizibi pengo la paja dhaifu, ukitaka vaa.

Mzigo ni jambo la kuchekesha kwa sababu mgumu anabeba hadi kilo 20 za watu wengine na wewe unalalamikia kibegi, ila kwa goti lako kila kilo unayoitoa inahesabika mara tatu kwa kila hatua, kwahiyo acha pawabenki ya pili.

Dawa za maumivu sasa. Kuna tabia ya kumeza diklofenaki asubuhi ya samiti eti kinga. Hapana. Unashuka umekauka maji, hujala vizuri, afu unaongeza dawa inayozibana figo, na juu ya hapo unaficha maumivu ambayo yangekwambia punguza mwendo. Maji kwanza, kula hata kama hujisikii. Na ikitokea baada ya mteremko mapaja yamevimba na mkojo unatoka kahawia iliyokoza, hiyo sio uchovu, msuli umevunjika kiasi cha kusumbua figo, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiwa kule, hatua fupi, goti limekunjwa kidogo muda wote, usishuke na mguu ulionyooka kama unataka kulinda sahani zako. Kwenye ile changarawe inayoteleza ya kushukia kambi ya Barafu vijana wanapenda kuserereka, inanoga kweli na wenye mapaja ya kazi wanafika chini haraka, ila ukiwa umechoka mguu unazama, mwili unageuka na goti linabaki, na hivyo ndivyo ligamenti zinavyokatika. Mwambie mwongozaji wako mapema kwamba unataka kushuka pole pole, usisubiri mpaka ushindwe, ile machela ya tairi moja sio usafiri wa raha.

Na panga siku mbili za baadae, maana hapo ndo maumivu yanapofika kileleni. Usiweke kikao cha ofisi ya ghorofa ya tatu. Tembea kidogo kidogo kwenye tambarare, usilale siku nzima, na kama nyumbani choo ni cha kuchuchumaa, tafuta mapema pa kushika.