Nyumba ya kwanza ya kupangisha: kabla hujalipa na kabla hujakabidhi funguo

Hatua ya 1. Hesabu pango la miezi 11 kwa mwaka, si 12. Mpangaji atahama tu, na nyumba itakaa tupu ukitafuta mwingine. Tuseme inauzwa 100 na pango la mwaka ni 8. Toa mwezi mmoja, bima na kodi ya serikali, kisha 1 ya matengenezo (wengi hutenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, nyumba kuukuu hula zaidi). Kinachobaki kisipotosha rejesho la mkopo, iache, hata kama umeipenda.

Hatua ya 2. Hati. Nenda mwenyewe kwa msajili wa ardhi. Nakala ya dalali haitoshi. Angalia jina la mmiliki, rehani na zuio la mahakama.

Hatua ya 3. Ukaguzi. Mvua ikinyesha, ndiyo siku yako. Fungua mabomba yote kwa mpigo uone kama maji yanapungua nguvu. Dari iliyopakwa rangi mpya kwenye kona moja tu, iulizie. Kabati lililobanwa ukutani, omba lisogezwe.

Hatua ya 4. Bima. Iambie kampuni waziwazi kwamba ndani atakaa mpangaji. Bima ya nyumba unayoishi mwenyewe inaweza kukataa kulipa.

Hatua ya 5. Siku ya funguo. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharakisha, na nakusihi usiharakishe. Piteni chumba kwa chumba wewe na mpangaji, mpige picha, msome mita, mwandike hali ya kila kitu. Usiandike "jiko liko sawa". Andika "sinki lina ufa wa urefu wa kidole, upande wa kushoto". Nakala mbili, sahihi za wote wawili. Amana (fedha anayoweka mpangaji kama dhamana) iwe na akaunti yake. Bado ni mali ya mpangaji.

Maswali

*Mpangaji ni rafiki yangu. Mkataba wa nini tena?*
Ndiyo hasa sababu ya kuandikiana. Mkibishana kuhusu ule ufa, karatasi itajibu, nanyi mtabaki marafiki.

*Naweza kuingia kukagua wakati wowote? Si yangu?*
Nyumba ni yako, makazi ni yake. Toa taarifa kwa maandishi mapema. Bomba likipasuka, hiyo ni dharura.

*Amechelewesha pango miezi miwili. Nibadilishe kufuli?*
Hapana, ndugu yangu. Nchi nyingi zinahesabu hilo kuwa kosa, na wewe mdai utageuka mshtakiwa. Mpe notisi ya maandishi, tunza nakala, kisha ufuate njia ya baraza au mahakama.