Simu ya kukunja: sikiliza dirisha, usipime skrini

Programu ninayoitunza ni daftari la duka: orodha ya wateja, madeni ya mteja uliyemgusa, na kitufe cha Hifadhi. Mwenye duka anaanza kuandika deni kwenye skrini ndogo ya nje, kisha anakunjua simu ili aone vizuri. Hapo programu inatakiwa ijue kilichobadilika, ijipange upya, na tarakimu alizokwisha kuandika zisipotee hata moja.

Usianze kwa kuuliza hii ni simu gani. Orodha ya majina ya modeli ndani ya msimbo inapitwa na wakati kila simu mpya inapoingia sokoni. Wala usipime skrini nzima, maana huenda umepewa nusu yake tu na nusu ya pili iko WhatsApp. Kinachokuhusu ni dirisha lako.

Kwenye Android kazi hii ni ya Jetpack WindowManager, maktaba iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2022. Ongeza `androidx.window:window` kwenye Gradle (faili linaloorodhesha maktaba za programu), kisha ndani ya `onCreate`, inayoitwa ukurasa wa programu unapoumbwa, andika:

```
lifecycleScope.launch {
  repeatOnLifecycle(Lifecycle.State.STARTED) {
    WindowInfoTracker.getOrCreate(this@Daftari)
      .windowLayoutInfo(this@Daftari)
      .collect { taarifa ->
        val bawaba = taarifa.displayFeatures
          .filterIsInstance<FoldingFeature>()
          .firstOrNull()
        panga(bawaba)
      }
  }
}
```

`Daftari` ni Activity yangu, yaani ukurasa wa programu, na `panga` ni kazi unayoiandika mwenyewe ya kupanga vitu kwenye dirisha. Programu ikiacha kuonekana, usikilizaji unasimama wenyewe. Ikirudi, unaanza tena.

`bawaba`, yaani mahali simu inapokunjika, ikiwa null (haipo), ama simu haikunjiki, ama uko kwenye skrini ya nje, ama dirisha lako halivuki bawaba. Kwa zote tatu panga kama simu ya kawaida, usihangaike kuzitofautisha.

Ikiwepo, mimi naanza na `isSeparating`. Ikiwa kweli, dirisha limegawanyika sehemu mbili, basi kila sehemu ipewe kazi yake. Kisha `orientation`: VERTICAL ni kama kitabu, wateja kushoto na madeni kulia; HORIZONTAL ikiambatana na `state` ya HALF_OPENED (imekunjwa nusu), simu imesimama mezani kama kompyuta ndogo, kwa hiyo jumla ya deni ikae juu na vitufe chini.

`occlusionType`, inayosema kama bawaba inaficha sehemu ya dirisha, ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoumiza kwenye skrini mbili. Surface Duo ya Microsoft, iliyotoka 2020, ina skrini mbili za pikseli 1350 kwa 1800, na katikati pengo la bawaba la pikseli 84. Chochote utakachochora kwenye pengo hilo hakionekani, na jibu utakalopata ni FULL. Galaxy Z Fold ina skrini moja inayopinda, jibu ni NONE: tarakimu zinaonekana, ila kitufe kilicho juu ya mkunjo ni usumbufu kukigusa. Kihamishe hata kama hulazimiki.

Kuhamisha kunahitaji `bounds`, yaani mipaka ya bawaba, na hapa tulia. Vipimo hivyo vinahesabiwa kutoka kona ya dirisha, si ya view yako (kipande cha dirisha unachokipanga). Kama juu kuna upau wa kichwa, tafuta kwanza mahali view ilipo kwa `getLocationInWindow`, utoe tofauti, ndipo upange.

Bawaba haikuambii upana. Huo uchukue kwa `WindowMetricsCalculator`, ugeuze pikseli kuwa dp (kipimo kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini): chini ya 600 onyesha safu moja, kuanzia 840 weka mbili bila wasiwasi. Kati ya hapo naweka mbili pale tu bawaba inapotenganisha.

Kuhusu tarakimu za mteja: kukunjua hubadilisha ukubwa wa dirisha, na kwa kawaida Activity huumbwa upya. Weka deni linaloandikwa kwenye ViewModel (hifadhi ya data inayobaki Activity ikiumbwa upya) yenye `SavedStateHandle`. Ukitumia Compose, njia ya Android ya kuandika skrini kwa msimbo wa Kotlin, `rememberSaveable` inatosha kwa sehemu za kuandikia.

Kujaribu hakuhitaji kununua simu. Tengeneza Pixel Fold kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) ya Android Studio, andika 12500 kwenye sehemu ya deni, kibodi ikiwa bado wazi kunja na kukunjua. Rudia ikiwa imekunjwa nusu. Mwisho gawa skrini na programu nyingine, uburute mpaka wa katikati huku na huku: bawaba itakuwa inaingia na kutoka kwenye dirisha lako, na `panga` lazima iitikie kila mara.