Kuku wameacha kutaga ghafla? Wapime kwa vidole kwanza

Mayai yakipungua ghafla usikimbilie kubadilisha chakula. Subiri usiku wakishatulia, shika mmoja mmoja na tochi, weka vidole kati ya ile mifupa miwili iliyochongoka chini ya mkia, pembeni ya tundu la kutagia. Vikiingia viwili au vitatu na tundu ni pana lina unyevunyevu, huyo anataga bwana, swali ni mayai yanaenda wapi, anaficha vichakani au kuna mwenzie anayadonoa (cheki kiotani kama kuna ute umegandia kwenye majani). Wafungie bandani na maji mpaka mchana siku mbili tatu utajua, maana wengi hutaga asubuhi. Kikiingia kimoja tu na tundu limekauka limebana, kweli ameacha, kwa sababu mifupa hiyo hupanuka kipindi cha kutaga na hurudi kubana akiacha kutaga. Inapofeli: aliyeacha juzi tu ukimpima bado anaonekana kama mtagaji, kwahiyo rudia wiki ijayo, na kuku wenye umbo dogo vidole hudanganya, angalia tundu zaidi. Pia haikwambii ameacha kwanini, inaweza kuwa ananyonyoka manyoya au anataka kuatamia. Wakiwa wanakoroma au wamezubaa, hapo muite daktari wa mifugo.