Mkileta wazee kutembea Lubumbashi

Mkitoka Likasi au Kolwezi na kundi la wazee, kodini basi dogo la siku nzima na mpatane bei, mafuta yakiwemo, kabla ya mtu kupanda. Taksi moja moja zinamaliza pesa, na mama anayeumwa magoti atachoka kupanda na kushuka. Kwa kulala, ulizeni kwanza nyumba za wageni za masista. Ombeni vyumba vya chini, tena mtu aende akaone choo kwa macho yake: kama ni cha kuchuchumaa, tafuteni pengine. Makumbusho asubuhi, bustani ya wanyama jioni, vinatosha kabisa. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inauma. Kila mzee abebe sweta na kikwembe.