Somo: Raspberry Pi kuwa ghala la mafaili kwa Samba

Samba ni programu inayoifanya kompyuta ya Linux, kama Raspberry Pi, igawane mafaili na Windows, Mac na vifaa vingine kwenye mtandao. Wengi wanaoilalamikia wamekwamishwa na diski. Kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye diski.

Nachukulia Raspberry Pi OS iko tayari na unaingia kwa SSH (yaani unaipa Pi amri ukiwa kwenye kompyuta nyingine). Kama bado hujanunua, anzia Pi 4, iliyotoka 2019: ina USB 3.0 na mtandao wa gigabiti kamili. Pi 3 B+ inafanya kazi, ila mtandao wake wa waya unapita kwenye USB 2.0, hivyo unaishia kama megabiti 300 kwa sekunde.

Diski

Chomeka diski, kisha:

`lsblk -f`

Mara nyingi itaitwa sda1. Kama haina kitu unachokihitaji, ipe ext4, mfumo wa mafaili wa Linux:

`sudo umount /dev/sda1`
`sudo mkfs.ext4 /dev/sda1`

Amri ya pili inafuta kila kilichomo, soma jina la diski upya kabla ya kubonyeza Enter. Rudia `lsblk -f` unakili UUID mpya (namba ya utambulisho wa diski). Kisha tengeneza folda na uifunge:

`sudo mkdir -p /srv/ghala`
`sudo chattr +i /srv/ghala`

Hiyo `chattr` masomo mengi huiruka. Diski ikichomoka, folda hubaki pale pale ikiwa tupu, na Samba huendelea kuandika humo, yaani kwenye memori kadi, mpaka ijae. Ukiifunga, haiandikiki mpaka diski iwe juu yake.

Ndani ya `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo Pi huzipandisha inapowaka, ongeza mstari huu:

`UUID=namba-yako /srv/ghala ext4 defaults,nofail 0 2`

Bila `nofail`, siku diski haipo Pi itakwama wakati wa kuwaka. Malizia:

`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo mount -a`
`sudo chown $USER: /srv/ghala`

Samba

`sudo apt update && sudo apt install samba`

Mwishoni mwa `/etc/samba/smb.conf`:

```
[ghala]
path = /srv/ghala
read only = no
valid users = jina_lako
```

`testparm` itakuonyesha kama umekosea herufi. Kisha:

`sudo smbpasswd -a jina_lako`
`sudo systemctl restart smbd`

`hostname -I` inakupa anwani ya Pi. Kwenye Windows andika `\\anwani\ghala`, kwenye Mac `smb://anwani/ghala`. Iambie ruta isiibadilishe anwani hiyo. Na tafadhali usifungue poti 445, ambayo Samba huitumia, kwa intaneti. WannaCry, programu hasidi ya 2017, ilisambaa kwa kupitia SMB, itifaki ile ile ya Samba. Ukitaka mafaili ukiwa mbali, weka WireGuard (aina ya VPN).

Maswali

*Mkuu, folda naiona na inafunguka, ila nikiweka faili naambiwa sina ruhusa.*

Samba haiwezi kukupa ruhusa ambayo Linux imekunyima. Rudia `chown` diski ikiwa imeshapanda. Kama diski ina mfumo wa mafaili wa exFAT badala ya ext4, `chown` haisaidii; weka `uid=1000,gid=1000` kwenye fstab, ukihakiki namba yako kwa `id`.

*Windows inakataa nenosiri, na ndilo hilo hilo la SSH!*

Samba ina orodha yake ya manenosiri, hivyo la SSH hailijui. Tumia ulilowekea `smbpasswd`. Likikataliwa bado, huenda Windows imeng'ang'ania la zamani: `net use * /delete`, ila itakata na miunganiko mingine ya mtandao.

*Runinga yangu ya zamani haiioni kabisa.*

Huenda inajua SMB1 tu, toleo la zamani la SMB, ambayo Samba iliizima tangu toleo la 4.11. Inawezekana kuiwasha, lakini mimi siwezi kulegeza ulinzi wa mafaili yote kwa ajili ya runinga. Weka minidlna, programu ya kurushia runinga video, kwa ajili hiyo.

*Diski inakatika katikati ya kunakili faili kubwa, shida ni Samba?*

Angalia `dmesg` (ujumbe wa mfumo) kwanza. Ukiona USB inajitoa na kurudi, shuku umeme: matundu yote manne ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2. Tumia diski au habu ya USB yenye adapta yake.