Pindua michoro unapochora picha ya kati
Katika uhuishaji (katuni zinazosonga), unapochora picha ya kati, yaani mchoro unaounganisha mwendo kati ya michoro miwili mikuu, katika programu za kuchorea kama Krita au OpenToonz, usitegemee kivuli cha michoro jirani (michoro ya kabla na ya baada inayoonekana hafifu chini ya mchoro wako) peke yake, kwa sababu kivuli huonyesha mistari ilipo lakini hakionyeshi mwendo. Wachoraji wa karatasi hushika kurasa katikati ya vidole na kuzipindua; nawe weka vitufe viwili, cha kurudi na cha kusonga mbele, chini ya mkono usioshika kalamu, na kila baada ya mistari michache upite mchoro wa kwanza, wa kati na wa mwisho, kisha urudi. Ikiwa kila mchoro unakaa fremu 2 (fremu ni picha moja ya filamu), tumia amri ya kuruka mchoro kwa mchoro, si fremu kwa fremu. Ncha ya pua ikitoka kwenye upinde wake, yaani njia iliyopinda inayoifuata katika mwendo, utaiona papo hapo, hata kabla hujachora macho.