Printa ya mtandao kwenye Windows 7: ipe anwani isiyohama

Steshenari yako pale Mwanjelwa ina kompyuta mbili za mezani zenye Windows 7 na printa moja iliyochomekwa kwenye rauta. Asubuhi inachapa vizuri. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inadai printa iko "Offline" ilhali taa yake inawaka. Printa ni nzima: rauta ilipowaka upya imeipa anwani nyingine ya mtandao (IP), na kompyuta bado inapeleka kazi kwenye ile ya zamani.

Kwa hiyo anza na printa yenyewe. Kwenye menyu yake ya mtandao, toa DHCP (mpango wa rauta kugawa anwani yenyewe) uweke "Manual". Anwani 192.168.1.200, mask 255.255.255.0, na gateway iwe anwani ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 (kama rauta yako inaanza na namba nyingine, zifuate hizo). Hiyo 200 lazima iwe nje ya namba zinazogawiwa na rauta, la sivyo simu ya mteja anayetumia waifai yako inaweza kupewa namba hiyohiyo na printa ikapotea.

Sasa kwenye kompyuta fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ping 192.168.1.200 uone kama printa inafikika. Isipojibu "Reply", usiendelee. Kagua kebo kwanza.

Ikijibu, nenda "Devices and Printers", kisha "Add a printer". Hapa ndipo watu hukosea: chagua "Add a local printer", hata kama printa ni ya mtandao. Ukiiachia kompyuta itafute yenyewe, inaweza kuishia kwenye poti ya WSD (njia ya Windows ya kuitafuta printa yenyewe mtandaoni), na hiyo ndiyo husumbua sana. Bonyeza "Create a new port", "Standard TCP/IP Port", andika anwani ile.

Draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa) ipakue mapema kwenye tovuti ya mtengenezaji, biti 32 au 64 kulingana na "System type" (bofya kulia "Computer", kisha "Properties"). Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, hivyo printa mpya huenda isiwe na draiva yake. Jaribu draiva ya jumla ya PCL 6 ya mtengenezaji huyohuyo, kama printa inaielewa PCL (lugha ya kuipa printa maelekezo ya kuchapa).

Ping inajibu lakini bado "Offline"? Fungua "Printer properties", "Ports", "Configure Port", toa tiki kwenye "SNMP Status Enabled" (SNMP ndiyo njia ambayo kompyuta huiuliza printa hali yake).

Kompyuta ya pili ifanyie hatua hizihizi badala ya kuishirikisha kupitia ya kwanza, ili ya kwanza ikizimwa, ya pili iendelee kuchapa.